Simba na Chui Milia Nani Zaidi? Pima Kwanza Dungu Lako



Wiki iliyopita nilikuwa kijiji kimoja huku Kilwa, upande wa barabara inayotoka Nangurukuru kwenda Njinjo. Nilikwenda kuangalia ufuta. Nikakuta barazani wanaume kama kumi, wazee kwa vijana, wameinamia simu moja. Ndani ya simu simba na chui milia wanapigana. Kabla sijakaa nikapewa kesi: "Bwana shamba, umekuja wakati mzuri. Wewe umesoma. Tuamulie, hapa nani zaidi?"

Waliomtetea simba walikuwa wengi. Wa chui milia walikuwa vijana wawili, wakali kweli kweli. Mzee mmoja alikataa wote, akasema mleteni mnyama yeyote pale mto Matandu tuone kama mamba atamwachia. Mwingine akamtaja nyegere, akasema huyo hata simba anamkimbia. Nusu saa nzima. Ufuta ukasahaulika, na mimi nakiri nilicheka kama wengine.

Baadaye yule kaka aliyemtetea simba kwa sauti kubwa kuliko wote akanipeleka shambani kwake. Pembeni ya shamba kuna dungu la kulindia mahindi. Nikasimama kando yake. Sakafu ilinifika kifuani, na mimi si mrefu. Upande mmoja uko wazi kabisa. Ngazi imefungwa kwa kamba, haitoki usiku wala mchana. Nikauliza nani analala hapa. Akanijibu kwamba analala yeye, na siku nyingine kijana wake wa darasa la sita, kwa zamu.

Nikamwambia: kaka, huyo simba wako mwenye nguvu kuliko wanyama wote, hapa anahitaji nguvu gani?

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huku hajaonekana siku nyingi."

Ndiyo maana leo siandiki habari za ufuta. Leo nataka tugombane kidogo. Sina ubaya na baraza, na mtu aliyelima kutwa ana haki ya kubishana anavyotaka. Ugomvi wangu ni na lile swali lenyewe. Swali la nani ana nguvu zaidi linatufundisha kuwatazama wanyama kwa jicho ambalo halitusaidii, na huku kwetu jicho hilo limeshatugharimu watu.

Nianze kwa kulijibu, asije mtu akasema bwana shamba amekwepa. Chui milia haishi Afrika. Ni mnyama wa Asia, kuanzia India mpaka kwenye baridi ya Urusi. Dume la India linafika kilo 200 na zaidi, na dume la simba wetu haliko mbali na hapo. Simba wa porini wamebaki pia India, katika msitu wa Gir, na katika msitu huo chui milia hawapo. Kwa hiyo hao wawili porini hawakutani. Wakikutana ni kwa sababu binadamu amewafungia pamoja. Mnabishana juu ya pambano ambalo Mungu hakulipanga.

Mamba je? Mamba mkubwa wa mito yetu anapita mita nne na kilo 400, na akibana hakuna anayeweza kuyafumbua mataya yake. Lakini ni mbabe akiwa majini. Mtoe nchi kavu, mbali na maji, uone kama ana hamu ya kugombana na kundi la simba. Simba naye ukimtia kwenye maji ya kifua hana tofauti kubwa na mbuzi. Na nyegere ni mnyama wa kilo kumi hivi. Ngozi yake ni nene na imelegea, ukimshika mgongoni anajigeuza ndani yake na kukung'ata. Simba humwacha kwa sababu nyama yenyewe ndogo na majeraha yake mengi. Wenye mizinga ya nyuki mnamjua kwa sababu nyingine, na dawa yake ni kuning'iniza mzinga kwa waya mbali na shina, si kusifu ushujaa wake.

Sasa fisi. Wengi humdharau, wanasema anakula makombo ya simba. Kule Ngorongoro, mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku miaka ya 1960 akakuta mambo ni kinyume: fisi walikuwa wanaua wenyewe, na mara nyingi aliyekuwa anakula makombo ni simba. Asubuhi watalii walimkuta simba juu ya mzoga na fisi pembeni, wakaandika kwamba mwenye mali ni simba. Na huko Botswana imeonekana kwamba fisi wakiwa wengi, kama wanne kwa kila simba jike mmoja, na dume hayupo, simba wanaacha nyama wanaondoka. Dume akifika, fisi wanaondoka. Hapo nani ana nguvu? Inategemea idadi, dume yuko wapi, na nani ana njaa zaidi usiku huo.

Tena ukipima kwa matokeo, simba hata si wa kwanza. Mbwa mwitu ana kilo 25 hivi, na kati ya ngome zake kubwa zilizobaki duniani ni pori la Selous hapo jirani yetu, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kundi la mbwa mwitu likiamua kuwinda hupata zaidi ya nusu ya mara linazojaribu. Simba hukosa mara nyingi kuliko anazopata.

Na hapa ndipo baraza linapokosea kabisa. Mnyama mla nyama si bondia. Hatafuti mkanda wala sifa. Anatafuta chakula kwa jasho dogo na bila kuumia, kwa sababu kwake hakuna zahanati. Jino likivunjika au mguu ukiteguka, njaa inaanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila usiku anafanya hesabu ile ile unayofanya wewe mfanyabiashara ukiwa njiani kununua ufuta: wapi nitapata mzigo kwa gharama ndogo. Nyati ni nyama nyingi lakini ana pembe. Nguruwe pori ni nyama ya kutosha, ila ana meno na anakimbia. Mtu aliyelala kwenye dungu la kufika kifuani hana pembe, hana meno, hakimbii, hasikii.

Mkiona mla watu, msidhani mmeona simba mwenye nguvu kupita wenzake. Mwaka 1898 simba wawili waliwasumbua wajenzi wa reli pale Tsavo, Kenya, mpaka kazi ikasimama. Walikuwa madume, lakini hawakuwa na manyoya ya shingoni yanayowapendeza wachora kalenda. Mmoja alikuwa na jino lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Mifupa na ngozi zao ziko jumba la makumbusho huko Chicago hadi leo. Patterson, Mwingereza aliyewapiga risasi, alikuja kusema waliua watu 135. Wataalamu walipopima masalia yao na kutoa matokeo mwaka 2009, walikadiria waliliwa kama 35. Idadi ilikua kwa sababu hadithi ya simba hodari inauzika. Watu 35 peke yao wangetosha.

Usiende mbali mpaka Tsavo. Vuka tu mpaka wa wilaya, Rufiji. Kati ya mwaka 2002 na 2004 watu zaidi ya 30 waliuawa na simba kwenye vijiji vya eneo dogo. Watu wakampa simba huyo jina la Osama. Alipouawa Aprili 2004, hakuwa jitu. Alikuwa simba kijana, hajafika hata miaka minne, ana jipu kubwa chini ya jino la nyuma lililopasuka. Sisemi kila mla watu ni mgonjwa. Wengi walikutwa wazima kabisa. Ninasema kwamba nguvu haikuwa sababu. Yule wa Rufiji aliwaweza watu kwa sababu watu walipatikana.

Walipatikanaje? Swali hili limeshafanyiwa kazi, na limefanyiwa kazi hapa hapa kwetu, sijui kwa nini halifiki barazani. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, akiwemo Dennis Ikanda wa TAWIRI, walichapisha hesabu ya nchi nzima: kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Sehemu kubwa ni huku kusini mashariki, na Lindi imo. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Na wilaya zilizoumia zaidi ni zile ambazo wanyama wa kawaida wa simba wamekwisha, kilichobaki kwa wingi ni nguruwe pori.

Soma sentensi hiyo tena, mkulima. Nguruwe pori anafuata mahindi yako, mihogo yako na mpunga wako. Simba anafuata nguruwe. Wewe unatoka nyumbani kwenda kulala shambani kumfukuza nguruwe. Wote watatu mnakutana sehemu moja, usiku mmoja, na aliye rahisi kushikwa kati yenu ni wewe.

Kwa hiyo ukitaka kujua mnyama wa kumwogopa kwenye shamba lako, usimtafute mwenye mataya makubwa. Ni huyu nguruwe, ambaye barazani hakuna hata mmoja aliyemtaja. Na ninyi mnajua kwa nini anazaana bila wasiwasi. Huku pwani wengi wetu ni Waislamu, nyama yake hatuli, hivyo hakuna mwenye hamu ya kumsumbua mpaka aingie kwenye jembe lake. Ngedere tunamlinda mchana kwa sababu tunamwona. Nguruwe anakuja usiku, tunamwachia mtoto wa darasa la sita.

Utafiti mwingine, wa Rufiji na Lindi, ulitoka mwaka 2010. Ulitafuta kinachowatofautisha walioshambuliwa na wasioshambuliwa. Haukukuta ushujaa wala uoga. Ulikuta nyumba na vibanda vilivyojengwa kwa vifaa dhaifu, mali kidogo, kutembea mbali kufuata maji na mahitaji, usiku mwingi wa kulala nje, na nguruwe pori. Kwa maneno mengine, simba anapita kwenye umaskini. Yule mwenye nyumba ya tofali na bomba uani anaweza kubishana habari za simba mpaka asubuhi, haimpunguzii kitu. Wewe unayelala kwenye fito na makuti, mabishano hayo unayalipia.

Sasa kuna jambo la mwezi, na hili nataka mlikamate vizuri kwa sababu halina gharama hata shilingi.

Watafiti hao hao walichukua karibu mashambulizi 500 ya kusini mashariki mwa Tanzania, ya mwaka 1988 hadi 2009, wakayapanga kwa tarehe za mwezi. Zaidi ya nusu yalitokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasoro usiku. Na usiku wa hatari zaidi ni zile siku kumi zinazofuata baada ya mwezi mpevu, kuliko siku kumi za kabla yake. Sababu yake ni rahisi. Mwangani simba anaonekana, anakosa mawindo, anashinda na njaa. Mwezi ukishapevuka unaanza kuchelewa kuchomoza, kila siku karibu dakika 50. Tarehe kumi na tano unatoka jua linapozama. Tarehe kumi na saba kuna giza la saa moja na zaidi kabla haujatoka. Tarehe ishirini giza hilo linafika saa nne. Simba ana njaa, na giza limekuja saa zile zile ambazo watu bado wako njiani.

Sisi watu wa pwani tarehe za mwezi tunazo kichwani bila kalenda. Mvuvi wa Kivinje au Somanga anajua bamvua lini, maji mafu lini, giza la dagaa lini. Basi elimu hiyo hiyo ipeleke shambani. Mwezi kumi na sita mpaka ishirini na tano, ukiingia magharibi uwe ndani. Angalia na Ramadhani: kumi la mwisho ndipo watu wanatoka tarawehe gizani kurudi vitongojini, wanawake na watoto nyuma. Tembeeni pamoja, tochi mbele na tochi nyuma, asibaki mtu peke yake kwa sababu kandambili imekatika.

Nawe mfanyabiashara wa ufuta na korosho, unayezunguka vitongojini kwa pikipiki, usijione umo kwenye chombo. Pikipiki inaharibika. Ukishapakia gunia mbili saa kumi na moja jioni, bado una kilomita ishirini za pori, ukapata pancha, wewe ni mtembea kwa miguu kama wengine, tena umechoka. Anza safari mapema au lala huko huko. Bei ya kesho ni ile ile.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza, simba wamepungua, hizi ni habari za zamani. Ni kweli si miaka ile. Lakini dungu halijabadilika, nguruwe hawajapungua, na pori la Selous halijahama. Tangu mifugo ilipoanza kuletwa Lindi kutoka Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007, chakula cha mnyama kimeongezeka hata sehemu ambazo wazee wetu hawakuona ng'ombe. Mnyama akipita mara moja kwa miaka mitano, anahitaji usiku mmoja tu.

La pili, simba yule si wa Mungu, ni wa kutumwa. Hili linasemwa chini chini, na kila mtu anajua kidole kinaelekezwa wapi: kwa bibi anayeishi peke yake, au mzee mwenye ugomvi wa mpaka na jirani. Sitaki kuvunjia heshima imani ya mtu. Nauliza tu: huyo simba wa kutumwa, kwa nini anatumwa miezi ya mavuno, gizani, kwa watu waliolala nje? Mchawi gani anasubiri mahindi yakomae? Kumpiga bibi hakujamfukuza simba hata mmoja, kumetuongezea maiti ya pili kijijini.

La tatu, tuwategee nyaya au tuwawekee sumu kwenye mzoga. Hapa nasema kwa ukali. Kwanza ni kosa la sheria. Pili, waya haumuui simba kila mara. Unamkata mguu au kumharibu mdomo, anakwenda nao. Umemnyang'anya uwezo wa kushika nyati na nguruwe, umemwachia uwezo wa kukushika wewe. Wewe unayeogopa simba mwenye nguvu umejitengenezea simba asiye na nguvu, na huyo ndiye mbaya zaidi. Sumu nayo inaua mbwa wako, inaua tai, na mtoto akishika kile kipande cha nyama inamuua mtoto. Dawa ya korosho niliyowafundisha kupulizia ni ya korosho.

Na sisi maafisa ugani tuna lawama yetu. Nimefundisha nafasi ya kupanda ufuta mara nyingi sana. Nimefundisha ubwiri unga wa mikorosho mpaka watoto wanaweza kunisahihisha. Sikumbuki siku niliyosimama mbele ya wakulima nikawafundisha dungu, wakati najua kwamba nusu ya kazi ya mahindi huku kwetu inafanyika usiku. Tuseme leo nalipa deni.

Dungu lijengwe juu. Kipimo changu: mtu mzima asimame chini, anyooshe mkono, na bado asiguse sakafu, kisha ongeza urefu wa mtu mwingine. Kama mita nne hivi. Nguzo ziwe za mti mgumu, zichimbiwe chini hasa, na magome yabanduliwe ili zisikwewe kirahisi. Kuta ziwe pande zote nne, za fito zilizobanana, zimfike mtu aliyekaa kichwani. Mnaacha mwanya wa kuchungulia, si mlango. Mlango uwe chini, kwenye sakafu, na kifuniko kinachofungwa kwa ndani. Ngazi ipandishwe juu kabla ya giza. Ndoo ya haja ndogo iwe humo humo, maana wengi wanashuka kwa ajili hiyo. Usilale peke yako. Na mtoto wa shule asilinde usiku, hata kama zamu imekosa mtu. Heri nguruwe ale matuta mawili.

Lakini dungu zuri bado ni kumpokea nguruwe aliyekwisha fika. Kazi kubwa ni kumzuia, na hapo mkulima mmoja mmoja hawezi. Mashamba yaliyotawanyika, kila mtu na kipande chake katikati ya kichaka, yana kingo nyingi sana za kulinda. Kaya kumi zikilima bega kwa bega, shamba linakuwa moja, kingo zinapungua, walinzi wanne kwa usiku wanatosha na wanaitana. Fyekeni pembezoni hatua thelathini, pasiwe na mahali pa kujificha. Chimbeni mtaro kuzunguka, wa kina cha kiuno, kuta zake zikiwa wima. Nguruwe hapendi kushuka mahali asipopaona pa kutokea. Ni kazi ngumu, najua. Mwaka wa kwanza ni mgumu, mwaka wa pili ni kusafisha tu. Mazao yanayomvutia sana, mihogo mitamu na mahindi, yapandeni karibu na nyumba, ufuta na mbaazi viende mbali.

Kuhusu mifugo nitakuwa mfupi. Chui ana kilo 60 tu akiwa mkubwa, lakini anapanda mtini na mbuzi mdomoni, kwa hiyo banda la mbuzi bila paa si banda. Fisi hapandi, anachimba na anasukuma, kwa hiyo jaza mawe chini ya ukuta na mlango uwe imara kuliko kuta. Na kama tunahesabu fedha iliyotoka mifukoni mwenu, bingwa wa Lindi na Kilwa si simba wala chui. Ni kanu, kicheche na nguchiro, wanaopita kwenye tundu la ukubwa wa ngumi na kumaliza kuku wa kaya kwa usiku mmoja. Mama aliyepoteza kuku kumi na wawili amepoteza ada na sare. Sijaona video yao hata moja barazani.

Ukiona nyayo au ukisikia mngurumo, usiende kuhakikisha na panga, na usikusanye vijana kumfuata kichakani. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji usiku huo huo, nao wamwite afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, wenye silaha na kazi hiyo. Piga picha ya nyayo, weka kitu pembeni kuonyesha ukubwa. Mtu akidhurika, andikisheni mapema, mfuate karatasi za polisi na hospitali, kwa sababu bila hizo kifuta machozi hakitoki. Na msikitegemee. Kanuni zilipotoka mwaka 2011, kifo cha mtu kiliwekewa shilingi 1,000,000. Sheria yenyewe haikuthubutu kuiita fidia.

Yule kaka wa dungu la kifuani nimemuachia kamba yangu ya kupimia. Ninaandika haya mwezi ukiwa kumi na tatu, mbalamwezi imejaa uani kwangu na watoto wanacheza nje. Keshokutwa unapevuka. Ameniahidi nguzo mpya zitakuwa zimesimama kabla ya tarehe kumi na saba, na nitapita kuziangalia. Nikikuta bado, kijana atalala nyumbani na mimi nitamsaidia baba yake kuchimba.